Reli ya Asmara: Neno la Mwisho ni la Fundi Mzee

Reli ya Massawa hadi Asmara, nchini Eritrea, ina urefu wa kilometa 118, na pau zake zimeachana milimita 950 tu. Waitaliano waliifikisha Asmara mwaka 1911, ikipanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,300. Vita vikaiua miaka ya 1970. Pau na mataruma viling'olewa vikawa kuta na paa za mahandaki ya kivita. Baada ya uhuru wa 1993 nchi iliamua kuifufua kwa nguvu zake yenyewe, ikawarudisha kazini wastaafu wa reli, wengine wakiwa wameshapita miaka 70. Chuma kikachimbuliwa, kikanyooshwa, kikatandikwa upya, na mwaka 2003 njia ikafika Asmara tena.

Kwa hiyo mgeni anayekuja na kamera au shahada ya uhandisi, akaanza kutoa maelekezo, anazungumza na watu walioitoa reli hii kaburini. Heshima wanayostahili si ya salamu tu. Wao ndio waamue treni itaondoka saa ngapi, itavuta mabehewa mangapi na itasimama wapi, kwa sababu makosa ya mlima huu hayana msamaha.

Chukua suala la maji. Mwinuko mkali wa njia hii hufikia asilimia 3.5, yaani sentimita 3.5 kwa kila mita. Injini ya mvuke ikipanda dohani ikiwa mbele, maji ya boila hukimbilia nyuma, na kioo cha maji kilichoko kwenye chumba cha dereva huonyesha mengi kuliko yaliyopo. Njia ikilala au ikianza kushuka, maji hurudi mbele. Kwenye boila ya mita 3 tofauti kati ya ncha na ncha ni kama sentimita 10, na hizo zatosha kuacha wazi bati la juu ya tanuri. Bati lisilofunikwa na maji hulainika kwa moto, na likibonyea chini ya shinikizo la mvuke, boila hupasuka. Plagi ya madini ya risasi iliyofungwa pale huyeyuka kwanza ili mvuke uingie tanurini na kuupoza moto, lakini hiyo ni kinga ya mwisho. Dereva mzoefu huanza kuongeza maji kabla ya kufika kileleni, tena hakiamini kioo mpaka afungue koki yake ya chini na kuona maji yakirudi upesi. Yakirudi kwa uvivu, tundu limezibwa na ukoko wa maji.

Ndiyo maana, kabla ya kuomba treni irudi nyuma ipande tena kwa ajili ya picha, muulize dereva maji yamebaki kiasi gani. Wala usimwombe moshi mweusi. Huo ni makaa yasiyoungua, na masizi yake hujaza mirija ya boila.

Injini za mlimani ni Mallet za kundi la 442, zilizoundwa na kampuni ya Kiitaliano ya Ansaldo mwaka 1938. Mallet ina seti mbili za magurudumu, kila seti ikisukumwa na silinda zake. Mvuke hufanya kazi kwanza kwenye silinda za nyuma, kisha huenda kwenye silinda kubwa za mbele, ndipo utoke dohani. Mlio unaousikia nje, basi, ni wa magurudumu ya mbele peke yake. Ya nyuma yakiteleza, dereva huhisi kwa miguu, kwenye bati analosimamia. Hapo hupunguza mvuke kidogo na kumwaga mchanga, na mchanga wenyewe lazima uwe mkavu. Ukilowa hugandamana bombani. Mwanafunzi asiyejua hili hungoja sauti isiyokuja.

Karakanani ujuzi ni wa aina hiyohiyo. Bezi, yaani beringi inayobeba ekseli, hutengenezwa kwa kumwaga madini meupe laini yaliyoyeyushwa, baada ya ganda lake kupashwa moto na kupakwa madini ya bati, la sivyo madini hayashiki, na bezi huachia safarini. Mafundi wa zamani hupima joto la madini kwa kijiti cha mti laini: kikigeuka rangi ya kahawia bila kuwaka, mimina. Breki nazo, zikikaza kwa muda mrefu kwenye mteremko, hupasha moto tairi ya chuma, ile pete iliyovalishwa gurudumu, ikatanuka na kulegea juu ya gurudumu. Mstari mmoja wa rangi uliovuka tairi na gurudumu humwonyesha mkaguzi kama tairi imesogea.

Ukitaka kusaidia, lipa muda wa mzee kama unavyomlipa mhandisi mshauri, si kwa bahashishi ya stesheni. Tafuta mkalimani anayevijua vifaa vya injini. Wa hotelini atakosea valvu na koki. Usipeleke mashine mpya kabla ya kuuliza ni kifaa gani kinawakwamisha. Kijana anayejifunza awe na mzee yuleyule tangu moto unapowashwa usiku mpaka majivu yanapotolewa, maana kazi nyingi hufanyika saa ambazo mgeni bado amelala. Ukirekodi video, piga mikono, kioo cha maji na moto katika picha moja, kisha nakala ya kwanza ikabidhiwe karakana kabla hujapanda ndege.