Maji yamesimama

Mvua ya leo alfajiri huku Mkoani, Pemba, haikuwa ya mchezo. Ilipokatika tu, nikavaa ndara nikakimbilia shamba.

Mihogo yetu iko kwenye mteremko. Masika yaliyopita maji yalishuka mbio, yakachimba korongo hadi mizizi ya mkarafuu wa babu ikabaki nje. Nililia siku ile.

Safari hii tulifunga miti mitatu umbo la A, tukaning'iniza jiwe kwa kamba, tukapima usawa. Kisha tukachimba mitaro ya kukata mteremko, udongo tukautupa upande wa juu. Ndiyo hiyo "fanya juu". Kwenye tuta tukapanda mchaichai, mizizi yake ishike udongo.

Mjomba alisema, "Mwanangu, wajichosha bure."

Leo nimekuta maji yametulia mtaroni.
Mekundu, mazito.
Yanazama taratibu.

Nilichutama nikayatazama mpaka miguu ikafa ganzi. Udongo wetu umebaki kwetu!

Mjomba naye kaja, katazama, kisha kaniuliza ile miti ya kupimia nimeiweka wapi.

Jamaa wa Wete na Micheweni, nyinyi mashamba ya milimani mwayakinga vipi?