Chuma, Nuru

Tangu Jumamosi maneno ya mwanangu Nuru yananizunguka kichwani, na leo ni Alhamisi usiku, nguo ziko kwenye mashine, Baba Nuru kaingia zamu. Ngoja niyaandike, labda yataniachia.

Hatimaye tulikwenda kuchuma matufaha. Mnaonisoma siku nyingi mnajua kila Septemba nasema mwaka huu lazima, na kila Septemba kuna mtu kazini anaumwa ghafla, zamu inaniangukia mimi. Shamba lenyewe liko upande wa Stillwater, chini ya saa moja kutoka kwetu Brooklyn Park, hapa Minnesota, Marekani. Nilitegemea miti mirefu na ngazi. Kumbe ni miti mifupi, imepangwa mstari na kufungwa kwenye nyaya, hata mtoto anachuma amesimama chini. Unalipia mfuko mlangoni, unaujaza mwenyewe. Bei siitaji, maana Mama husomewa haya na binamu zangu.

Tulikuwa kwenye mstari wa Honeycrisp, tufaha ambalo watu wa Minnesota wanalisifia kama mtoto wao aliyefaulu mtihani: Chuo Kikuu chao ndicho kilicholizalisha, wakulima wakalipata mwaka 1991, na mwaka 2006 likafanywa tunda rasmi la jimbo. Mbele yetu ukoo mzima umevaa mashati ya drafti, babu mpaka wajukuu, nyuma yetu wengine vilevile. Nuru akataka kukimbilia mstari wa pili, nikainama nikamwambia arudi. Akaniangalia.

“Mama, kwani hapa tumekatazwa kuongea?”

“Nani kasema?”

“Wewe. Unaongea kidogo kidogo.”

“Chuma, Nuru.”

Basi. Hakulia, hakununa, akachuma. Mimi ndiye niliyebaki nimeshika mfuko. Nani alimkataza mtu kuongea pale? Hakuna. Hakuna hata aliyetutazama vibaya. Nyumbani sauti yangu inafika kwa jirani wa juu, kazini nikicheka wodi nzima inajua niko zamu. Sasa pale shambani, kwenye uwazi wote ule, Kiswahili changu kilikuwa kinatoka puani. Na mtoto kaona. Jumapili nikiosha vyombo nilimpa jibu zuri sana, refu, lenye mifano, ila yeye alikuwa amelala. Jumatatu barua ya kazi ya kudumu imetoka na mdogo wangu kajifungua salama Tanga, alhamdulillahi, mtoto wa kiume, lakini akili yangu bado iko mstari wa Honeycrisp. “Unaongea kidogo kidogo.” Ana miaka sita!

Halafu, tukiwa bado palepale shambani Jumamosi, Mama akapiga simu ya video. Kwao Lushoto ilikuwa saa moja usiku. Mama amekulia kwenye mapeasi na maplamu nyuma ya nyumba, na habari za sauti ya chini hana. Alimwona Nuru analivuta tufaha kwa mikono miwili, tawi zima linakuja.

“Weee Nuru! Usivute! Utang'oa na kijitawi cha mwakani! Liinue juu, lizungushe. Likiwa limeiva litakuja lenyewe.”

Nuru akaliinua, akalizungusha. Likatoka na kikonyo chake.

“Bibi, limetokaaa!”

Mstari wote uligeuka. Mama mmoja wa mashati ya drafti akaipungia simu mkono, na Mama yangu akamjibu salamu kwa Kisambaa, ndefu, na habari za watoto akauliza, akanyamaza kabisa kusubiri jibu. Nilicheka mpaka mfuko ukaniponyoka. Baada ya hapo mstari ulikuwa wetu: Bibi anaagiza kutoka Lushoto, Nuru anatekeleza, Baba Nuru anaitikia “Ndiyo, Mama” huku anakula donati. Tulimalizia kwenye Haralson, makali, ya kupikia, na Nuru akang'ang'ania kuyala mabichi huku amekunja uso.

Droo ya friji haifungi, anayetaka matufaha aje na mfuko wake.

Kinachonikosesha raha sasa ni gari. Linalia upande wa tairi la mbele kulia tukikata kona, baridi inakuja, na fundi anasema nafasi ni Jumatano, siku ileile ninayotakiwa kuripoti kwenye mafunzo ya kazi saa moja asubuhi. Baba Nuru anasema mlio hausikii. Yeye hukaa kushoto.