Siku Niliyomgonga Mwenyekiti

Mwaka 1999 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani Mtwara nangoja matokeo, na pale mtaani Chikongola sifa yangu ilikuwa moja tu: najua Kiingereza. Nilikisoma popote nilipokikuta, hata kwenye karatasi za kufungia vitumbua. Enzi hizo Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa bado, kwa hiyo gazeti la Dar es Salaam lilitufikia limeshachakaa. Mimi sikujali tarehe.

Ni kwenye gazeti la namna hiyo nilikokutana na habari ya basi na mti. Basi lilikuwa "ran into" mti, na picha ilionyesha limekunja pua, sikuhitaji kamusi. Shuleni tulifundishwa kwamba "run" ni kukimbia, basi. Nikaongeza mstari kwenye daftari langu: "run into", kugonga. Nikajiona nimempita mwalimu.

Akaja Mwingereza mmoja, mtaalamu wa mikorosho, anatafuta mkalimani wa kwenda naye vijijini upande wa Nanyamba kuzungumza na wakulima juu ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Nikapelekwa mimi.

Njiani nilianza kutokwa jasho. Yule bwana alitia "run" kwenye kila sentensi kama mtu anayetia chumvi bila kuonja. Bomba la kupulizia salfa lina-"run" kwa petroli. Kuna mtu ana-"run" ghala. Mwingine ana-"run" udiwani, na huyo nilimwona kabisa akilini, anakimbia na kanzu yake kuelekea kwenye ofisi ya kata. Mengine nilibahatisha kwa kutazama mikono yake.

Kijijini watu walikuwa wameshakaa chini ya mwembe. Kasoro mwenyekiti. Jana yake alikwenda mjini kufuatilia salfa, hakuwa amerudi, na wakati huo hapakuwa na simu ya kumuuliza yuko wapi. Ilikuwa Juni, mikorosho inaanza kutoa maua, na ubwiriunga haungoji mtu. Ni kuvu ule. Unamwaga unga mweupe kama majivu juu ya maua na majani machanga, ua linanyauka kabla halijashika korosho. Salfa ikichelewa, msimu umekwenda. Kwa hiyo wazee wakasema tuanze, mwenyekiti atatukuta.

Mgeni akasimama. Kwa adabu ya kwao, akataka kwanza kuwatoa watu wasiwasi. Akatabasamu, akasema kwamba jana, mjini, "I ran into your chairman".

Nikakohoa kidogo, kama wakalimani wanavyofanya. "Anasema, jana mjini nilimgonga mwenyekiti wenu."

Kimya. Kuku alipita katikati yetu na kila mtu alisikia miguu yake.

Dada yake mwenyekiti, aliyekaa mkekani mbele kabisa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Vijana wawili wakaondoka taratibu kwenda kukagua bampa la gari, na kwa bahati mbaya bampa lilikuwa na bonde la siku nyingi. Dereva wetu aliwaona. Akaingia garini, akapandisha vioo.

Mzee mmoja akaniambia, "Muulize, amemwacha wapi?"

Nikauliza. Nikajibiwa. "Amemwacha stendi."

"Hakumpeleka Ligula?"

Mgeni alishangaa kusikia hospitali inatajwa. Akasema hapana, ya nini?

"Na alikuwa anaweza kuongea?"

"Ndiyo, sana. Anasema alikuwa anacheka."

Hapo mkutano ukagawanyika. Wako walioanza kulia, na wako walioanza kunitazama mimi. Mgeni naye bado anatabasamu, maana hakuna aliyemwambia kitu, na lile tabasamu ndilo lililozidi kuharibu. Sijui tungefika wapi kama lori halingetokea kwenye kona, juu yake mifuko ya salfa, na juu ya mifuko mwenyekiti mwenyewe, ndevu zimekuwa njano.

Dada yake alimkimbilia, akampapasa mabega na mikono kama anayenunua mbuzi. Mwenyekiti akaelezwa. Akaja mpaka niliposimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia nimegongwa."

Nikamweleza neno lenyewe, na basi, na mti, na daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa si ungesema tuligongana? Maana ndivyo ilivyokuwa. Nimegongana naye pale stendi, tukasalimiana, nikamwambia nakuja na salfa."

Mzee yule hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na alilipata neno lililonishinda. "Nilimgonga" ni habari ya polisi. "Tuligongana" ni habari ya salamu. Na magari nayo hugongana, kwa hiyo hata mtego wa Waingereza aliubeba mzimamzima. Wao kitenzi wanakiacha kilivyo, wanakifungia kijineno nyuma. Sisi tunakivuta mkia chenyewe, kimbia ikawa kimbilia, kimbiza, kimbizana. Mimi nilikuwa nimetazama kichwa cha neno nikasahau mkia, wao na wetu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, walipokipitia upya kitenzi "run", walikihesabia maana 645. Kiliipiku "set", iliyokuwa ikiongoza katika toleo la 1989. Mimi siku ile nilikuwa na mbili.

Mkutano uliendelea, na nusu ya kazi aliifanya mwenyekiti kwa kuonyesha bomba na mfuko. Jioni tukarudi. Tulipokaribia Naliendele gari likakohoa mara mbili, likazima katikati ya barabara. Mwingereza akatazama mbele, akasema, "We've run out."

Dereva akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikamwambia atazame mshale wa mafuta mwenyewe.