Nilivyompata chozi akiwa hewani

Nilianza kwa kumtamani ndege ambaye hayupo Kenya. Kila usiku nilikuwa nikitazama kwenye simu picha za wale ndege wadogo wa Amerika, waitwao hummingbird kwa Kiingereza, wanaosimama hewani mbele ya ua, mabawa yakiwa wazi kabisa, kila unyoya unahesabika. Ndege hao hawaishi porini popote nje ya mabara ya Amerika. Sisi huku Nakuru tuna ndege mdogo aitwaye chozi. Naye hunywa nekta, naye hung'aa juani, na mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Lakini chozi hupenda kutua. Mwenzake wa Amerika hula akiwa anaelea. Chozi hushika bua kwa miguu, huinama, huchovya mdomo, kisha huyo. Akielea mbele ya ua, ni kwa sekunde moja au mbili.

Nilikuwa na kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300. Jirani yangu, mzee aliyestaafu, amepanda shubiri kando ya ukuta wake, na zikichanua maua mekundu chozi hawabanduki pale. Nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo mzee. Naomba nikae hapa uani asubuhi, nipige picha za ndege." Akaitikia, akaniletea kigoda.

Wiki ya kwanza nilipiga mamia ya picha na sikupata hata moja ya kuhifadhi. Shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ilikuwa 1/500 ya sekunde, nikidhani hiyo ni kasi ya kutosha. Mwili ulitoka vizuri, lakini mabawa yalikuwa moshi mtupu. Nikapanda hadi 1/2000, moshi ukapungua. Kwenye 1/3200 ndipo nilipoanza kuona manyoya ya bawa moja moja. Kasi hiyo hula mwanga mwingi, kwa hiyo ilinibidi nifungue tundu la lenzi hadi f/5.6 na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kufikia 1600, wakati mwingine 3200. Picha zikawa na chengachenga kidogo. Nilizikubali, kwa sababu chenga hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini bawa lililotoka ukungu halitengenezeki.

Wapiga picha wa Amerika wengi hutumia fleshi kadhaa kuzunguka chupa ya maji ya sukari ya kuvutia ndege. Fleshi ikiwekwa nguvu ndogo humulika kwa muda mfupi mno, na huo mmuliko ndio unaogandisha bawa. Mimi sikuwa na fleshi hizo. Nilikuwa na jua la Nakuru, na jua hilo lilinifundisha jambo ambalo sikulitegemea. Rangi ya kung'aa ya chozi haitokani na rangi iliyo ndani ya unyoya. Hutokana na jinsi unyoya unavyoakisi mwanga. Jua likiwa nyuma ya ndege, dume huonekana mweusi kama mkaa. Nikahamisha kigoda, jua likawa mgongoni mwangu, na ndege yule yule akawaka: utosi kijani, kifua chekundu, na ndani ya wekundu ule vitone vidogo vya buluu ambavyo kwa macho matupu sikuwahi kuviona.

Bado nilikuwa nachelewa. Nikimwona anaelea, nikielekeza kamera, ameshatua. Basi siku mbili sikupiga picha kabisa. Nilikaa nikatazama tu. Maua ya shubiri hufunguka kuanzia chini kwenda juu, na chozi hufuata yale yaliyofunguka. Kwenye mabua manene hutua bila shida. Kulikuwa na bua moja la pembeni, jembamba, ambalo kila alipolishika liliinama kwa uzito wake. Akaliachia, akapigapiga mabawa mbele ya ua, akanywa haraka na kuondoka. Alirudi pale pale kila baada ya dakika chache.

Siku ya tatu nilikaa kama mita nne kutoka kwenye bua lile. Fokasi nikaiweka kwa mkono juu ya ua lenyewe, nikaizima ile ya kujitafutia, kamera juu ya stendi yake, kidole kwenye kitufe cha picha za mfululizo. Sikumfuata ndege tena. Nilimngoja pale atakapofika. Saa mbili kasoro alikuja. Nilisikia mlio wake mkali kabla sijamwona, nikabonyeza bua lilipotikisika.

Picha kumi na moja. Tisa za bure, moja imekata mkia. Moja ina kila kitu: mabawa yamefunguka mbele, ncha ya mdomo ndani ya ua, miguu imekunjwa tumboni, na chembe za chavua za manjano kwenye paji la uso.

Nilimpelekea mzee picha ile kwenye kioo cha kamera. Aliisogeza karibu na miwani yake, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyu ndiye yule wa kila siku?" Nikamwambia ndiye. Kesho yake nilikuta ameliegemeza bua lile kwa kijiti kilichochomekwa chini, ili upepo usilivunje, lakini ameacha sehemu ya juu iendelee kuyumba.