Taa ya nje ilikua inawaka mtu akioga

Kwenye ile nyumba masharti ya bafu ulikua unapewa hata kabla hujashusha godoro. Mwenye nyumba hakukwambia kitu, yeye alikupa funguo akahesabu hela yake akaondoka, ni wapangaji wenzako ndo walikua wanakufundisha: oga na ndala za plastiki, koki shika na kitambaa kikavu, ukihisi vidole vinawashwa toka nje subiri kidogo alafu rudi ujaribu tena. Yaani wanakwambia huku wanacheka, kama mtu anavyokwambia geti linakwama lisukume na bega. Asubuhi kwenye foleni ya bafu badala ya umeamkaje unasikia "leo linang'ata?" na aliyetoka anajibu "leo limetulia" au "leo mmh, kuwa makini".

Kila mtu alikua na maelezo yake. Kuna mzee mmoja alisema ni damu, eti kuna watu damu zao hazielewani na umeme ndo mana mimi nang'atwa yeye hang'atwi. Mwingine alisema ni unyevu wa ardhini. Mama mwenye nyumba yeye alisema ni sisi na mapasi yetu na maheta yetu tunazidisha umeme ndani ya nyumba mpaka unatafuta pa kutokea, na nadhani alikua anaamini kabisa anachosema.

Ila ukiangalia ufungaji wa umeme wa nyumba ile, ulikua huna sababu ya kushangaa chochote. Soketi ya chumba changu ilikua imevutwa kutoka kwenye swichi ya taa ya chumba cha jirani, kwa waya mwembamba ule wa taa, kwahiyo jirani akichomeka pasi taa yangu inakua nyekundu kama jiko la mkaa na ukuta pale waya unapopita unapata joto la mkono. Darini nilipanda siku moja kufukuza panya nikakuta maungio ya waya yamesokotwa tu na kufungwa mfuko wa rambo juu, hakuna boksi, hakuna hata tepu, na panya wameshakula sehemu shaba inaonekana. Fyuzi nayo, ile ya kwenye boksi la meni, ilikua imewekwa nyuzi nene za shaba zilizotolewa kwenye waya wa kawaida, kwasababu ile ya kawaida "ilikua inakatika katika inasumbua". Inakatika sababu ndo kazi yake! Lakini nani wa kumwambia nani. Aliyefunga kila kitu ni mpwa wa mama mwenye nyumba, kijana mpole tu, anarekebisha na redio na mafeni.

Sasa taa ya nje. Ilikuepo taa moja ya ulinzi juu ya mlango wa nyuma, na hio taa ilikua imekufa. Balbu imebadilishwa weee haiwaki, wakasema holda, holda ikabadilishwa haiwaki. Swichi yake ilikua koridoni na kwa vile taa haiwaki hakuna aliyekua anajua swichi iko on au off, kila anayepita anaibonyeza bonyeza labda leo itakubali. Hiki kitu kiweke akilini.

Mtoto wa dada mmoja aliyekua anashona nguo chumba cha mbele, kadogo hata shule hakajaanza, alishawahi kusema mara kadhaa kwamba taa ya nje inawaka mama akioga. Watu wakacheka. Mama yake akamwambia acha uongo.

Siku ya tukio ilikua jioni. Mama mwenye nyumba alikuja amekasirika, kuna mtu kaibiwa nguo kwenye kamba na lawama zote zikaangukia giza la uani, akaja na balbu kubwa, ile ya kizamani yenye kiuzi ndani, wati 100, anasema hizi za LED ni za kitapeli ndo mana haziwaki. Akapanda stuli mwenyewe akatoa ile ndogo akaweka yake. Akaenda swichini, pa, haiwaki. Akabonyeza tena na tena akachoka, akaondoka anaongea peke yake.

Muda si mrefu yule dada akaenda kuoga. Mimi nilikua nje nafua. Nilisikia sauti, sio kelele ya kuita mtu, ni kama mtu amekatwa pumzi katikati, alafu kishindo na ndoo inabingirika. Tukakimbia mimi na kaka wa chumba cha pembeni, yeye ndo alifika kwanza akasukuma mlango akataka kuingia amuinue na yuko peku, sakafu imejaa maji. Yule mzee wa damu, huwezi amini, ndo aliyetuokoa, alipiga ukelele "msimguse! zimeni meni kwanza!" nikarudi koridoni mbio nikavuta ile swichi kubwa nyumba nzima ikawa kiza. Ndo tukaingia. Alikua amedondoka mbali na bomba, bahati yake hiyo, vidole vya mkono wa kulia vina alama nyeupe za kuungua na mwili unatetemeka hawezi kuongea. Alipelekwa hospitali akalazwa usiku ule wakimwangalia mapigo ya moyo, kesho yake akatoka salama. Usiku ule hakuna aliyeoga na hakuna aliyewasha meni.

Asubuhi tukachanga hela tukaita fundi umeme wa kweli, bila kumuuliza mwenye nyumba. Akaja jamaa na begi na mita ya kupimia, mtu wa maneno machache. Akawasha meni, akatuambia tuchomoe kila kitu kila chumba, akagusisha tesita kwenye koki ya bafu, kataa kake kakawaka. Kila kitu kimechomolewa na bomba bado lina moto. Mama mwenye nyumba, ambaye alishafika na amenuna, akakosa la kusema maana maheta yote yalikua sakafuni pale.

Fundi akaanza kuzima swichi moja moja. Alipofika ile ya koridoni, ya taa iliyokufa, bomba likawa kimya. Akawasha, lina moto. Akazima, kimya. Akauliza hii ni ya nini tukamwambia ya taa ya nje lakini mbovu. Na hapo kale katoto kakasema tena, "inawakaga mama akioga". Safari hii kuna mtu mmoja hakucheka. Fundi akachuchumaa akakauliza taratibu, inawakaje? Kakasema kidogo kidogo, inakonyeza.

Akasimama akaenda moja kwa moja kwenye ile holda akafungua. Waya mmoja unatoka darini, huo ni wa moto umepita kwenye swichi, sawa. Wa pili, ambao ulitakiwa urudi kwenye meni kama nyutro, ulikua unashuka ukutani ndani ya plasta. Akaufuata kwa kugonga gonga mpaka chini nyuma ya bafu, akakwangua rangi na bisibisi, ukatokea: umezungushwa kwenye bomba la maji na kukazwa na waya wa kufungia nondo, juu yake imepakwa rangi ya ukuta safi kabisa.

Yaani bomba la maji ndo lilikua nyutro ya ile taa.

Akatueleza, na mimi nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Zamani bomba lote lilikua la chuma, limefukiwa ardhini mpaka nje, kwahiyo umeme ukipita kwenye balbu unaingia kwenye bomba, unashuka ardhini na kupitia udongo unarudi kwenye transfoma, kwasababu nyutro ya transfoma nayo imezikwa ardhini. Taa inawaka vizuri, kila mtu ana furaha. Akauliza kuna siku bomba lilipasuka? Tukatazamana. Ndio, lilipasuka uani na fundi bomba akakata kipande kilichooza akaweka cha plastiki. Basi siku hio taa ikafa, na tangu siku hio bomba la ndani likawa linaelea na volti 230 likisubiri mtu mwenye miguu mibichi aukamilishe mzunguko. Ile LED ilikua inapitisha kidogo sana ndo mana tulikua tunawashwa tu, na huo umeme kidogo unaopita mwilini kwa mtu ndo ulikua unaikonyeza balbu. Balbu ya wati 100 ikiwa ya baridi ni kama waya mtupu, inaachia karibu yote. Kuanzia kama miliampia 10 misuli inakaza mkono unashindwa kuachia koki, alisema, na fyuzi hata ingekua ya halali haiwezi kujua kwamba kuna mtu anakufa, fyuzi inalinda waya. Kinacholinda mtu ni ile breka inayopima umeme unaotoka na unaorudi, ikikuta tofauti ya miliampia 30 inakata papo hapo. Kwetu haikuepo, na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haikuepo pia.

Mama mwenye nyumba akasema lakini mbona imefanya kazi miaka yote. Akampigia simu mpwa wake.

Kijana akaja, akatazama ule waya kama mtu anayeona mwandiko wake wa zamani. Fundi hakumfokea. Akamuuliza tu ilikuaje. Akasema waya uliisha, shangazi alikua anataka taa siku ileile, bomba lilikua pale karibu, "nikajaribu ikawaka". Alafu baada ya kimya akauliza, kwahiyo kama bomba ni la chuma lote halina shida eti? Fundi akamgeukia. "Mdogo wangu, umefunga hivi nyumba ngapi?"

Hakujibu, ila aliondoka na fundi mchana uleule kwenda kuzionyesha. Sisi tukabaki na shangazi yake tunabishana nani analipa, yeye anasema fundi hakumuita yeye, na mwisho tukaikata kwenye kodi kwa nguvu, pamoja na bei ya breka na hela ya hospitali ya dada wa watu, na akatununia mpaka nilipohama.