Nilivyochagua TV Kariakoo kwa kuangalia pikseli

Ukipita kwenye maduka ya Kariakoo, karibu kila boksi la TV limeandikwa HD ya aina fulani: HD Ready, Full HD, Ultra HD, 4K. Baba alitaka ya inchi 43 kwa ajili ya mpira, na hela tulichanga mimi na wadogo zangu, kwa hiyo kabla ya kwenda kununua nilikaa nikayaelewa hayo maandishi kwanza.

Kinachohesabiwa ni pikseli, vile vitone vya mwanga vinavyojenga picha. Full HD ina 1920 kwa upana na 1080 kwa kwenda chini, jumla zaidi ya milioni 2. 4K za nyumbani, ambazo ndizo Ultra HD, zina 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya hizo. Ya kuitazama kwa makini ni HD Ready. Nembo hiyo ilianzishwa Ulaya mwaka 2005, na sharti mojawapo lilikuwa kioo kiwe na mistari ya pikseli isiyopungua 720 kwenda chini. TV nyingi za kundi hilo zina 1366 kwa 768, karibu nusu tu ya pikseli za Full HD. Picha ya 1080 zinaipokea vizuri, halafu zinaipunguza ili ienee kwenye kioo chao. Ndiyo maana boksi linaweza kuandikwa 1080p, yaani picha ya mistari 1080, kwa herufi kubwa na lisiwe limesema uongo: linataja picha inayoingia, kioo halikigusi.

Dukani muuzaji akanionyesha ya kwanza. "Dada, hii Full HD kabisa, ona hapa," kidole kiko kwenye 1080p. Nikamwambia, "Sawa kaka, naomba tuangalie na vipimo vya kioo." Tukageuza boksi. Ubavuni, kwa maandishi madogo: 1366 x 768. Hakubishana, akashusha nyingine iliyoandikwa 1920 x 1080.

Hiyo nayo nilitaka kuihakiki kwa macho. Nilibeba laptop, kebo ya HDMI, na picha niliyoitengeneza nyumbani yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080: mistari ya wima, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kila mmoja na unene wa pikseli moja. Kwanza unaingia kwenye menyu ya TV unazima ule ukuzaji unaokata kingo za picha. Baadhi ya TV huandika Just Scan au Screen Fit. Halafu unaifungua picha ijae kioo kizima. Kioo kikiwa cha Full HD kweli, ukisogea karibu unaona mistari myembamba iliyo sawasawa kuanzia kushoto hadi kulia. Nilipochomeka kwenye ile ya kwanza ilitokea mikanda mipana ya kijivu, hapa imekolea, pale imefifia, kwa kuwa mistari 1920 inalazimishwa kukaa kwenye nafasi 1366. Muuzaji aliinama akatazama, akawaita wenzake waje waone. Naipenda njia hii kwa sababu haikuachi umtegemee mtu neno lake.

4K niliiacha kwa makusudi. Baba hukaa kama mita 2.5 kutoka kwenye TV, na kwa macho ya kawaida pikseli za Full HD kwenye inchi 43 huacha kutofautishwa ukishafika karibu mita 1.7. Isitoshe, vituo vingi vya HD hurushwa kwa 720p au 1080i (i maana yake mistari hutumwa nusu nusu kwa zamu), si kwa 4K. Kwa 4K Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde, na nyumbani tunatumia bando la simu. Mwenye intaneti ya nyaya na anayetaka inchi 65, huyo ningemwambia achukue 4K bila kusita. Na kwa inchi 32 ya chumbani, unayoitazama ukiwa mita 2, HD Ready inatosha kabisa.

Kazi ilibaki kwenye kisimbuzi. Kilikuwa kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, ambazo hazipitishi picha ya HD hata kioo kiwe bora namna gani. Nikaweka HDMI, nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta kimeachwa kwenye mistari 576, ambayo haifiki HD, nikachagua 1080i.