Baiti 4096

Mama mdogo anauza vifaa vya ujenzi Morogoro, na programu ya mauzo nilimwandikia mimi kwa lugha ya Python na SQLite, databesi inayokaa kwenye faili. Januari tukaanza faili jipya la mwaka. Kesho yake mchana nikalikopi mauzo.db kwenye flashi kwa cp, amri ya kunakili faili, nayo ikamaliza kimya, nikaenda kulifungua nyumbani. Hamna jedwali hata moja. Na saruji na nondo zimeuzwa siku nzima na nusu!

Nikampigia: “Mama mdogo, shikamoo, naomba usiguse kompyuta.” Nilipofika dukani nikaandika ls -l, amri ya kuonyesha mafaili na ukubwa wake:

mauzo.db, baiti 4096.
mauzo.db-wal, zaidi ya laki saba.

Baiti 4096 ni ukurasa mmoja, yaani kipande kimoja cha faili la SQLite, wenye utambulisho wa faili na si zaidi. Nilikuwa nimewasha WAL (write-ahead log), na katika hali hiyo SQLite huandika kwanza kwenye lile faili la pembeni, mauzo.db-wal. Huyahamishia mambo kwenye faili kuu wal ikifikisha kurasa kama 1000, au anayetumia databesi wa mwisho akiifunga. Programu ya dukani hushinda wazi na kulala wazi. cp ilikopi nilichoitaja, basi. Mauzo yote yalikuwepo, salama, mlango wa pili.

Usiku ule sikulala, nikajaribu na faili la baiti sifuri. cp ikalikopi bila neno. SQLite ikalifungua, maana kwake faili tupu ni databesi halali isiyo na kitu. PRAGMA integrity_check, amri ya SQLite ya kukagua uzima wa databesi, ikajibu “ok”. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu skripti yangu ya kutengeneza nakala kila usiku ilitegemea jibu hilohilo. Tena ukikosea njia ya faili, sqlite3.connect, amri ya Python ya kufungua databesi, hukuundia jipya, tupu, na nakala nzuri ya jana ingefunikwa na hewa.

Sasa natumia VACUUM INTO, amri ya SQLite yenyewe ya kutengeneza nakala, iliyopo tangu toleo la 3.27 la mwaka 2019. Inasoma databesi pamoja na wal yake, na haikubali kuandika juu ya faili lenye kitu ndani. Kisha skripti inaifungua nakala yenyewe na kuhesabu mistari ya jedwali la mauzo. Namba hiyo inatokea kwenye skrini kwa maandishi makubwa, na mama mdogo huilinganisha na kitabu chake cha risiti kabla ya kufunga duka.